Vidole Vinne vya Ukuta

Jumamosi moja katikati ya miaka ya tisini, kama saa tatu na nusu asubuhi, mjomba wangu alishika msumeno akayakata vichwa mawaridi matatu aliyoyachonga kwa mikono yake mwenyewe. Aliyakata akiwa amepiga magoti ndani ya boti, na boti imekaa juu ya mchanga kando ya Bandari ya Kale, maji yamekupwa. Mashahidi tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na fundi wa mashine aliyejivika kiunoni tyubu ya gurudumu la trekta, ingawa maji ya karibu yalikuwa hatua sitini kutoka pale alipo. Mama husema mjomba alilia. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na ninachoweza kuthibitisha ni kwamba alipiga chafya mara nne kwa sababu ya unga wa mvule. Ila chafya ya nne ilikuwa ndefu.

Alikata mawaridi yale ili apate kuoa. Nitaeleza kwa mpangilio, maana hapa mtaani kisa hiki husimuliwa kuanzia katikati, na kila msimulizi hujipa kazi kubwa kuliko aliyoifanya.

Mjomba alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yake, Mji wa Kale, na mtu aliyepita uchochoro ule na buibui jeusi alitokea upande wa pili na buibui la kahawia. Alikuwa mgane kwa miaka sita. Siku moja akaja mwanamke kutoka Jomvu Kuu kuchukua kasha la mamake lililokuwa limetiwa bawaba mpya. Naye alikuwa mjane, kazi yake kushona kofia. Kasha hakulitazama. Alitazama kichwa cha mjomba.

"Kofia hiyo ameshona nani?"

"Niliinunua Bondeni."

"Wamekuonea. Safu ya tatu imepinda."

Mjomba ndiye aliyezoea kuwaambia watu kwamba kitu chao kimepinda. Hakuwahi kuambiwa yeye. Katika wiki tatu zilizofuata aliipeleka kofia ile Jomvu kunyooshwa mara tatu, na mara ya nne akatuchukua mimi na mama twende kuposa.

Jomvu Kuu ni mji wa kale kama wetu, lakini uko mbali, mwisho wa mkono wa bahari unaopita chini ya Daraja la Nyali na kuzunguka nyuma ya Tudor mpaka kwenye mikoko. Kwa gari ni lazima utoke kisiwani kupitia Makupa, upande Changamwe, ujibanze kati ya malori yanayotoka Kilindini, upite Mikindani ndipo uteremke Jomvu. Siku tuliyokwenda kuposa tulikaa Changamwe muda wa kutosha mama kumaliza mfuko mzima wa kashata alizokuwa amewachukulia wenyeji.

Tulipokewa na mamake yule bibi mshona kofia, ajuza mdogo wa mwili na mzito wa maneno, na kaka yake, dereva wa gari la mkate. Kaka huyu alijulikana pwani yote kwa mbio zake. Watu wa Mikindani walisema mkate wake hufika kabla haujaiva. Bibi mwenyewe alikaa chumba cha pili, akasema nasi kupitia pazia.

"Mimi sina neno na fundi," alisema. "Lakini mamangu ni mtu mzima na mimi ndiye namwangalia. Nikihamia kwenu, siku nikisikia anaumwa nitafikaje? Kwa gari? Nikikwama Changamwe naweza kusoma juzuu nzima na bado sijaiona Mikindani."

"Changamwe ni ya wanaojifunza," alidakia kaka yake. "Gari langu halikwami. Hakuna chombo cha kulishinda."

Hapo mjomba akakohoa. "Mimi nina boti," alisema.

Hiyo ilikuwa habari mpya kwangu, na kwa mama pia, ambaye aliacha kikombe hewani. Mjomba hakuwa na boti. Hakuwa hata na ndoo isiyovuja. Lakini pazia lilitikisika kidogo, kama mtu aliyesogea karibu, na sauti ikasema: "Basi na tuone. Mara moja tu. Gari la kaka na boti ya fundi, kutoka Forodhani, pale Bandari ya Kale, mpaka mlangoni kwa mama. Boti ikitangulia, nitakuja Mji wa Kale. Isipotangulia, fundi, kofia yako imeshanyooka, huna tena la kuja kufuata."

Ajuza akateuliwa mwamuzi, na siku ikawekwa: Jumamosi ya mwezi kuandama, wakati wa alasiri, kwa sababu bahari ya Jomvu huwa tope tupu isipokuwa maji yakijaa sana. Mjomba alikuwa na wiki tano za kupata boti aliyokwisha kuisema.

Aliipata Likoni. Ilikuwa boti ya mbao, kuukuu, ya kubeba watu watano wakiwa hawana ugomvi, na mashine ya nguvu za farasi ishirini na tano iliyopakwa rangi mara nyingi hata haikujulikana ya kwanza ilikuwa ipi. Kasoro yake ilikuwa moja: ule ubao wa nyuma, unaopachikwa mashine, ulikuwa umeoza. Mjomba alicheka. Yeye na mbao? Aliung'oa, akautupa, akatengeneza mpya kwa kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa tajiri mmoja. Na kwa kuwa hakujua kuacha mbao uchi, aliuchonga. Mnyororo pande zote, majani katikati, na juu kabisa safu ya mawaridi, waridi kubwa zaidi pale kati. Watu walikuja kuutazama. Mzee mmoja wa barazani aliuzunguka mara mbili akauliza, "Yakhe, na kufuli utatia wapi?"

Siku ya kwanza kuijaribu tuliingia watatu: mjomba akashika mashine nyuma, mimi nikakaa kati na daftari langu la kuandikia majaribio, mama akakataa kukaa mpaka aone itakwenda. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili. Mjomba akazungusha mkono wa mashine kutia moto. Boti ikainua pua juu, kama mbuzi anayetaka majani ya tawi la pili, na nyuma ikazama kiasi cha mimi kuona maji yakichungulia juu ya mawaridi. Kisha mashine ikaanza kulia. Haikuwa ngurumo tena, ilikuwa kilio chembamba, kinazidi kupanda, na jinsi kilivyopanda ndivyo boti ilivyopungua mwendo. Nyuma yetu maji yalichemka meupe kama maziwa yanayotaka kumwagika. Mjomba alipunguza moto, kilio kikatulia, boti ikasogea. Akaongeza, kikarudi.

Wakati huo akatukaribia mtu kwenye mtumbwi, anapiga kasia, hana haraka. Akatufikia ubavuni, akatusalimia. Salamu za Mombasa si fupi. Tuliulizana hali, na wa nyumbani, na wazee, na wale walio safarini, na mvua, na mpaka tunafika kwenye alhamdulillahi ya mwisho yeye alikuwa bado yuko sambamba nasi, na mashine yetu inapiga mayowe. Kisha akasema, "Mwataka msaada?" Mjomba akasema la, ahsante. Jamaa akatupita.

Tulianza kurekebisha. Barazani kulikuwa na mafundi wengi wasiokuwa na mashine. Mmoja alisema nyuma kumelemewa, kwa hiyo uzito uhamie mbele. Mjomba akamtazama mama. Mama ni mwanamke aliyejaliwa.

"Dada, kaa pale puani."

"Mimi ni mzigo?"

"Si mzigo. Ni mizani."

Mama alikaa puani kama mtu aliyepelekwa mahakamani. Na kwa kweli pua iliteremka, boti ikalala sawa, tukapata matumaini kwa muda wa kupiga makofi mara tatu. Kisha mashine ikapiga yowe baya kuliko yote yaliyotangulia, na mwendo ukakatika kabisa. Niliandika: "Mama mbele: boti sawa, mashine yazidi kulia." Mama alisoma akanitaka nifute jina lake.

Mwingine akasema kosa ni propela, majani yake ni mapana. Tukaazimwa nyingine yenye majani membamba. Hiyo haikubadilisha ila sauti. Sasa ilifanana na birika. Siku zikapita. Ikafika Ijumaa, kesho yake ndiyo siku yenyewe, na boti ya mjomba ilikuwa bado haijamshinda mtu wa mtumbwi.

Wakati huo nilikuwa karani Kilindini, napiga chapa hati za mizigo katika ofisi ya mawakala wa forodha. Jirani na ofisi yetu kulikuwa na karakana, na humo fundi mmoja kutoka bara, Mkristo mpole anayekaa Tononoka, mwenye sifa ya kujua ugonjwa wa mashine kwa kuisikiliza. Nilimweleza. Akauliza swali moja tu: "Inalia ikiwa na mzigo au ikiwa haina?" Nikamwambia inalia ikiwa na mama. Akasema atakuja alasiri ile.

Alikuja na tyubu. Alitueleza bila haya kwamba kwao hakuna maji ya kuzidi goti, na kwamba hakuja Mombasa kufa, alikuja kufanya kazi. Mjomba akaizungusha boti mbele yake, fundi akasimama ukingoni na sikio ameligeuza baharini. Mashine ilipoanza kulia alitikisa kichwa kama daktari.

"Mzee, leta."

Mjomba akaileta, tukaivuta mchangani.

"Mashine haina ugonjwa. Propela ndiyo haili maji, inakula hewa. Umeshawahi kunyonya soda kwa mrija uliotoboka juu? Unavuta, unavuta, mdomo unapiga kelele, soda haiji. Ndiyo hiyo."

Akatuonyesha bamba la chuma lililolala juu ya propela kama kofia. Bamba lile, alisema, linatakiwa kukaa sawasawa na tumbo la boti au chini yake kidogo, ili lizuie hewa ya juu isivutwe. Akaweka rula ya mjomba chini ya boti, akanyoosha mkono kwenye bamba, akapima.

"Liko juu. Vidole vinne kamili. Ukimweka mama mbele, nyuma inapanda, hewa inazidi. Ukimrudisha, nyuma inazama, boti haiwezi kupanda juu ya maji ikateleza, inabaki kulima. Nani alitengeneza huu ubao?"

Watu wa barazani walimgeukia mjomba.

"Ni mzuri sana," fundi aliongeza haraka. "Lakini mbona umezidi vidole vinne? Ule wa zamani ulikuwa hivi?"

Mjomba alikaa juu ya tangi la mafuta. Akasema kwa sauti ya chini, na hata hivyo watu wa barazani wakasikia.

"Ni vidole vya ukuta."

Fundi hakuelewa, ikabidi nimfafanulie. Kizingiti cha juu cha mlango wa Mji wa Kale hakikatwi kwa kipimo cha uwazi. Fundi hupima uwazi, kisha huongeza vidole vinne, kwa kuwa sehemu hiyo huzama ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, nao ukuta ndio unaokishika. Mjomba alifundishwa hivyo na babake, naye babake na babake. Alikuwa amepima ubao wa zamani sawasawa, akauandika sawasawa, na mkono ukaongeza vinne wenyewe, kama mtu anayesema amin.

"Kaka," mama alisema. "Na ukuta uko wapi baharini?"

Barazani walicheka mpaka mmoja akateremka akashika nguzo. Mjomba hakucheka. Alikuwa anautazama ubao. Ili mashine ishuke vidole vinne, ubao ungelazimika kukatwa pale kati kwa upana wa shibiri mbili, na pale kati ndipo lilipokaa waridi kubwa na wenzake wawili.

"Huwezi kuurefusha mguu wa mashine?" alimwuliza fundi.

"Ziko za mguu mrefu, Mzee, lakini hii ni ya mguu mfupi. Hairefuki."

"Na maji yakijaa sana, kama kesho? Hayatafika kwenye propela?"

Fundi alifikiri jinsi ya kusema bila kumvunjia heshima. "Mzee, maji yakijaa, boti nayo itapanda."

"Kidogo tu?"

"Yote."

Mjomba alisema atafikiri. Hakuna nakshi yake aliyowahi kuikata. Alisema mara nyingi kwamba anayekata nakshi yake ni sawa na anayekana salamu yake. Nilimwacha amekaa pale, amegeuza mgongo, na kidole kinatembea juu ya mawaridi, moja hadi jingine, kama anayehesabu waliohudhuria.

Asubuhi akakata. Hayo nimekwisha kuyasema. Fundi akashusha mashine, akalipima bamba, likawa chini ya tumbo la boti kwa unene wa shilingi. Kisha akahamisha kijiti kinachoshikilia mguu, tundu moja ndani, ili pua isiinuke mno. Na hapo tukatambua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: boti iko mchangani, maji hayatarudi kiasi cha kuiinua vizuri mpaka mchana, na bibi wa Jomvu alikuwa njiani na kaka yake. Hapakuwa na nafasi ya kuijaribu. Mashindano yenyewe ndiyo yangekuwa jaribio.

Walifika adhuhuri imepita. Gari la mkate liliwekwa Forodhani, limeelekezwa mjini. Ili kusiwe na udanganyifu, kila chombo kilitiwa shahidi: mama akapanda kwenye gari, mbele, pembeni ya dereva. Mimi nikakaa puani mwa boti. Bibi akashuka ngazi na mto wake wa kukalia, akaketi kati, akautazama ubao uliokatwa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mawaridi," alisema mjomba.

"Yamekwenda wapi?"

"Yamekupisha."

Bibi akautengeneza mtandio wake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Fundi, tyubu kiunoni, aliinua kitambaa akakishusha. Gari likapiga honi likaondoka. Mjomba akavuta kamba, mashine ikawaka, akatia moto, na pua ya boti ikaanza kuinuka. Niliiona ikiinuka nami juu yake. Niliona Forodhani ikishuka, nikaona uso wa mjomba nyuma kule ukiwa mweupe kama chokaa, nikangoja kile kilio. Mashine ilinguruma. Ikazidi kunguruma. Haikulia. Kisha kitu kikatushika kutoka chini kama kiganja, pua ikateremka yenyewe, sauti ya maji ikabadilika kutoka kumwagika ikawa kupasua khanga mpya, na boti ikawa juu ya maji badala ya ndani yake. Tulikuwa tunateleza.

Tulimkuta yule jamaa wa mtumbwi karibu na Daraja la Nyali. Mjomba alimpungia. Sijui kama alisalimu, hatukukaa kumsikia.

Bibi alikuwa ameuma pembe ya buibui kwa meno, mikono miwili imeshika ubao aliokalia. Tulipoipita Tudor nilidhani anataka kusema tupunguze mwendo. Aliachia buibui.

"Moto ndio huo tu?" alimwuliza mjomba.

Nimemjua mjomba tangu nizaliwe na sijawahi kumwona amependa kitu kama alivyolipenda swali lile. Akazungusha mkono wa mashine mpaka ukagota.

Ya gari niliyapata baadaye kwa mama, na nayaandika alivyoyasema. Walifika Makupa bila kugusa breki. Changamwe malori yalikuwa yamejipanga, lakini dereva akapita kwa ndani, akatokea juu. Mama akaanza kumwombea kakake. Mikindani ndipo Mungu alipoingilia: mwenye kibanda mmoja aliona gari la mkate, akainua mkono. Dereva alijua yuko kwenye mashindano. Alijua hana mkate. Lakini, mama anasema, mguu wake ulikanyaga breki wenyewe. Akasimama, akasalimiana, akaeleza kwamba leo hana mkate, akaulizwa kwa nini, akaeleza, akatakiwa heri. Ndipo akaondoka.

Sisi wakati huo tulikuwa tumeingia kwenye mikoko. Mapaa ya Jomvu yalionekana. Mjomba alijua kila kitu kuhusu kuondoka na hakuwa amefikiri lolote kuhusu kufika. Nilipomwashiria apunguze moto, alidhani ninamshangilia. Boti ikapanda tope, ikateleza juu yake kama sabuni, ikasimama hatua kama kumi na tano kutoka nchi kavu. Mashine ikazimika. Ndipo tukasikia honi ya gari la mkate, mahali fulani upande wa barabara.

Mjomba aliruka. Tope lilimfika magotini. Kiatu kimoja kilibaki pale pale, cha pili kikamfuata hatua tatu kisha nacho kikakata tamaa. Akafika ukingoni, akaishika kanzu yake, akakimbia kati ya nyumba, mzee wa miaka hamsini na mbili, mpaka kona ikammeza.

Bibi alisimama ndani ya boti.

"We bwana!" alipaza sauti. "Na mimi je?"

Alinigeukia. "Mashindano ni ya nani kufika kwa mama?"

"Ni yako," nikamwambia.

"Nami ndivyo nilivyodhani."

Tulichukua muda kutoka kwenye tope lile. Nilikuwa nimemshika mkono, yeye kashika mto wake, na kila tukichomoa mguu mmoja mwingine ulizama. Kwa hiyo jambo pekee ambalo nilipelekwa kulishuhudia sikulishuhudia. Mama naye hakulishuhudia: mlango wa abiria wa lile gari ulikuwa unafunguka kwa nje tu, na dereva aliruka akamwacha ndani, anagonga kioo.

Yaliyotokea ndani ya nyumba nimeyapata kwa vinywa vitatu, na yote yanakubaliana mpaka mahali pamoja. Ajuza alikuwa anasali alasiri katika chumba cha kati. Nyumba ile ilikuwa na milango miwili, wa mbele unaotazama njia na wa nyuma unaotazama bahari. Alikuwa kwenye tahiyatu ya mwisho aliposikia hodi. Hakukata sala. Aliimaliza kwa utulivu, akatoa salamu kuliani, akamwona mwanawe amesimama, anahema. Akatoa salamu kushotoni, akamwona mjomba amesimama, hana viatu, tope limemrukia mpaka usoni.

"Mimi ndiye wa kwanza," alisema dereva. "Umeniona mimi kwanza, mama."

"Kulia hutangulia siku zote," alisema mjomba. "Hiyo ni sala, si mashindano."

Ajuza alikunja msala wake. "Na binti yangu yuko wapi?"

Hapo ndipo mjomba alipokumbuka. Mama, aliyekuwa amekwisha kufunguliwa na mpita njia, alifika wakati huo na anasema hajawahi kuona mtu akipauka kupitia tope. Nasi tukaingia kwa nyuma, bibi mbele, mto kichwani. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akaketi juu ya kizingiti akaanza kucheka, na akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa wa mwisho," alisema alipopata pumzi. "Mwanamke mwenyewe wa mashindano."

Mjomba alijaribu kusema neno la kuomba radhi, likamtoka kama chafya.

"Fundi," bibi akamkatiza, "ile boti, maji yakiwa hivi hivi, yaweza kunirudisha Mji wa Kale kabla ya magharibi? Wataka kunioa au wataka kusimama hapo ukikauka?"

Walioana mwezi wa Mfungo Mosi. Kwa miaka mingi alikwenda kwa mamake kwa boti kila maji yalipomruhusu, na siku yasipomruhusu kaka yake alikuja kumchukua na gari, wakawa wanagombana njiani juu ya Jumamosi ile. Dereva anashikilia kwamba alibisha hodi mlango wa mbele, ukafunguka, na ndani hakukuwa na mtu ila mamake. Mjomba anaapa kwamba alibisha wa nyuma, akaingia, na ndani hakukuwa na mtu ila mkwewe. Ajuza aliulizwa siku ya harusi, akaulizwa kila Idi, akaulizwa na kadhi mmoja aliyekuja kwa shughuli nyingine. Jibu lake lilikuwa lile lile: hodi ilikuwa moja. Mwingine aliingia bila kubisha, kwa kuwa mlango mmoja ulikuwa wazi. Upi, hakujua, alikuwa kwenye sala. Amefariki, Mungu amrehemu, na kuku waliokuwa uani, ambao pengine waliona, hawakuandikwa kama mashahidi.